Njaa na Shibe Katika Jungu Moja: Funzo Kutoka Port Reitz

Wahenga walipoziunganisha njaa na shibe katika methali moja, "Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza", hawakuwa wakicheza na maneno. Walitaka tufahamu kwamba hali hizi mbili, ambazo twazidhania kuwa mahasimu, ni ndugu toka nitoke. Zote mbili humpokonya mja akili yake. Aliyeshiba kupita kiasi hulewa asijue la kutenda; aliyeshikwa na njaa hulegea asiweze kulitenda hata analolijua.

Zamani tulizoea kuzitazama hali hizo kana kwamba zina nyumba mbalimbali: shibe kwa tajiri, njaa kwa maskini. Leo zimehamia nyumba moja, na mara nyingine mwili mmoja. Mtu aweza kujaza tumbo kila siku na mwili wake ukabaki na njaa ya chuma, ya vitamini na ya protini. Suala la namna tunavyokula, kwa hiyo, si jambo la faragha la mtu na sahani yake. Ni suala la umma, na walimu pamoja na wanafunzi wamo katikati yake.

Tuchukue mfano wa Port Reitz, katika eneo la Changamwe, bara ya magharibi mwa kisiwa cha Mombasa. Hapa ndipo ulipo Uwanja wa Kimataifa wa Ndege wa Moi. Jirani zake ni Chaani, Magongo na Mikindani, na malori yaendayo bandarini Kilindini na yatokayo huko hayakatiki usiku wala mchana. Ni mtaa wa watu wa zamu: wapakuzi wa meli, madereva na matanboi wao, walinzi, wafanyakazi wa viwandani, vibarua waamkao bila kujua kama jua litatua wakiwa wamepata kazi. Mtu wa zamu hali saa ya chakula ikifika. Hula saa ya kazi inapomruhusu. Hula akiwa wima kando ya barabara, jicho moja kwenye sahani na jingine kwenye lango.

Nao watoto wa mtu huyo hufuata nyayo zake. Baba yuko zamu ya usiku, mama ametoka alfajiri, na mtoto ameachiwa sarafu kadhaa mkononi badala ya staftahi mezani. Akifika karibu na shule hukutana na viazi karai, bhajia, mahamri, chipsi, achari za embe zilizokolea chumvi na pilipili, peremende, na maji ya rangi yenye sukari yaliyofungwa katika vijaluba vya plastiki. Hununua kile ambacho sarafu zake zaweza kununua, akala njiani akikimbia kengele, na kabla ya saa nne asubuhi njaa imemrudia. Ukimwuliza jioni alikula nini, atafikiri kwanza. Hakumbuki, kwa kuwa akili yake haikuwapo alipokuwa akila.

Naam, takwimu za taifa zinaunga mkono yale macho yanayoyaona. Utafiti wa hali ya watu na afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2014 uligundua kwamba watoto 26 kati ya kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa kwa lishe duni. Utafiti huohuo uligundua kuwa wanawake 33 kati ya kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene wa kupindukia. Mwaka 2022 idadi ya watoto waliodumaa ilikuwa imeshuka hadi 18 kati ya 100, jambo la kushukuriwa. Lakini nchi moja kuwa na watoto wasiokua na mama zao waliozidi uzito, kwa wakati mmoja, ni dalili kwamba tatizo haliko katika wingi wa chakula peke yake. Liko pia katika chakula gani, nani anakipata, na kinaliwaje.

Aidha, uchunguzi wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wazima walio wengi mno hawafikishi kiwango cha matunda na mboga kinachopendekezwa kwa siku. Hayo ni katika nchi ambayo embe huoza chini ya miti msimu wake ukifika, na ambayo mchicha huota hata bila ya kupandwa!

Kwa nini basi tumefika hapa? Wapo wanaojibu kwa neno moja: umaskini. Jibu hilo lina ukweli, nami nitalirejea. Lakini halitoshi, kwani wenye nacho nao wanaugua kisukari na shinikizo la damu. Sababu nyingine ni mbili, nazo hazisemwi mara kwa mara.

Ya kwanza ni haraka. Mwili wa binadamu hauna kengele ya shibe inayolia papo hapo. Tumbo, utumbo na ubongo hupelekeana habari kwa njia ya mishipa na homoni, na yakadiriwa kuwa habari hizo huchukua dakika zipatazo 20 kukamilika. Mwaka 1994 wanasayansi wakiongozwa na Jeffrey Friedman huko New York waligundua homoni ya leptini, ambayo huuarifu ubongo kuhusu akiba ya mafuta mwilini. Mwaka 1999 wenzao wa Japani wakagundua homoni ya ghrelini, ambayo tumbo huitoa kutangaza njaa. Tulichojifunza ni kuwa mwili una lugha yake. Lakini amalizaye sahani kwa dakika tano ameondoka barazani kabla mwenyeji hajafungua kinywa.

Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la kustaajabisha. Watu 20 waliwekwa mahali pamoja, wakapewa kwa wiki mbili vyakula vilivyosindikwa mno viwandani, na kwa wiki mbili nyingine vyakula vya kawaida visivyosindikwa hivyo. Sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zilizotengwa mezani zililinganishwa, na kila mtu aliruhusiwa kula apendavyo. Walipokuwa katika vyakula vya viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka uzito wa karibu kilo moja. Tena walikula upesi zaidi. Chakula laini, kitamu na kisichohitaji kutafunwa hupita kooni kabla ya mwili kupata nafasi ya kusema "basi".

Sababu ya pili ni hadhi. Tumejifundisha kukiona chakula kama nguo ya kuvalia watu. Muhogo wa kuchemsha, mbaazi, kunde, mnavu, kisamvu na dagaa vimeitwa vyakula vya maskini. Soda na chipsi vikaitwa maendeleo. Mgeni akija, aibu ni kumwandalia sima kwa mtoriro, na fahari ni kutuma mtoto dukani akalete chupa ya soda. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu zote mtu azipatazo kwa chakula, yaani takriban gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida. Chupa moja ya soda ya mililita 500 yaweza kukimaliza kiasi hicho chote. Tumemkirimu mgeni, kumbe tumempa sukari ya siku nzima kwa mkupuo mmoja. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee, nasi tuliuacha mbacha na msala haukukaa.

Huko Ulaya na Marekani watu waliochoshwa na hali kama hii wameanza kuzungumza juu ya kula kwa makini, yaani moyo kuwa pale ulipo mkono. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mafunzo ya kutuliza akili kwa wagonjwa, na zoezi lake mashuhuri ni kula zabibu kavu moja polepole: kuitazama, kuinusa, kuitafuna, kuihisi. Mwaka 1995 wataalamu wa lishe Evelyn Tribole na Elyse Resch walichapisha kitabu kilichowasihi watu waachane na masharti ya kujikondesha, na badala yake wajifunze kuzisikiliza njaa na shibe za miili yao wenyewe.

Mzee wa Pwani akiyasikia haya yamkini atatabasamu. Kwani sinia ilikuwa nini? Watu walinawa, wakaketi mkekani, wakamtaja Mola, kila mmoja akala upande ulio mbele yake bila ya kuvuka mpaka. Mkubwa hakufakamia, kwa kuwa mdogo alikuwa akimtazama. Mdogo hakuparamia kitoweo, kwa kuwa kilikuwa kikigawanywa. Mafundisho ya Kiislamu yalikuwa yakielekeza kwamba theluthi ya tumbo ni ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Na Wakristo nao waliuhesabu ulafi miongoni mwa dhambi kubwa. Hapakuwa na haja ya zabibu ya mafunzo. Mkeka wenyewe ulikuwa darasa.

Hata hivyo, tusiitukuze jana kupita kiasi. Katika nyumba nyingi sinia ya kwanza ilikuwa ya wanaume, na aliyepika alikula mwisho, yeye na binti zake, kilichobaki. Wala leo si watakatifu: mwezi wa Ramadhani, ambao maana yake ni kujizuia, katika nyumba kadhaa umegeuka kuwa mwezi wa kununua zaidi na kukaanga zaidi, na futari ikawa shindano la kaimati na sambusa. Kinachofaa kurithiwa ni ule utaratibu wa kuketi, kugawana na kusikilizana. Ubaguzi na ufujaji tuuache ulale.

Sasa nirejee kwenye pingamizi la umaskini. Msomaji wa Chaani ataniuliza, na ana haki kuuliza: "Wanihubiria kutafuna polepole, nami sina cha kutafuna?" Hakika mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kumwambia kibarua aliyekosa kazi siku mbili kwamba azingatie ladha ya chakula ni kejeli. Tena bei ndiyo inayoamuru. Mwaka 2017 unga wa mahindi ulipoadimika, Serikali ililazimika kutoa ruzuku ili pakiti ya kilo mbili iuzwe kwa shilingi 90. Mwaka 2022 ikarudia jambo hilohilo kwa shilingi 100. Taifa ambalo mijadala yake ya chakula huanza na kuishia kwenye bei ya unga halijapata wasaa wa kuuliza ni nini kinachosindikiza sima hiyo.

Lakini hoja ya umaskini isigeuzwe kuwa pazia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Angalia maneno hayo: si kujaza tumbo tu, bali ubora. Maskini hakuandikiwa kiasi, na tajiri ubora. Kwa hiyo anayesema kuwa mazungumzo ya kula vizuri ni anasa ya matajiri anamnyima maskini nusu ya haki yake bila ya kujua.

Wala tusimwonee mama wa kibandani. Yeye ndiye anayewalisha wapakuzi na wanafunzi wa Port Reitz wakati taasisi nyingine zimefunga macho. Hukaanga kwa kuwa kukaanga ni haraka na wateja wake wana haraka; hurudia mafuta kwa kuwa mafuta ni ghali. Akipata wateja wanaoulizia mihogo ya kuchemsha, ndizi, maharagwe ya nazi na maji safi, ataviuza, maana yeye ni mfanyabiashara. Kumfukuza kwa virungu vya askari wa kaunti hakujampa mtoto yeyote chakula bora.

Shule ndizo zinazoweza kuanza. Tumewahi kufanya hivyo. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi alianzisha utaratibu wa maziwa ya bure kwa wanafunzi wa shule za msingi, maarufu kama maziwa ya Nyayo. Watu wazima wengi bado wanaukumbuka umbo wa pakiti zile. Utaratibu huo ulififia katika miaka ya 1990. Mwaka 1980 Shirika la Chakula Duniani lilianza kusaidia mlo wa shule, na mwaka 2018 jukumu hilo likakabidhiwa Serikali ya Kenya. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianzisha mpango wa Dishi na County, ambapo mwanafunzi hulipa shilingi tano kwa chakula cha mchana. Mombasa, yenye bandari inayolisha mataifa kadhaa jirani, haina sababu ya kuwaacha watoto wanaosoma karibu na lango la bandari hiyo wakitegemea sarafu.

Walimwengu wengine wanatupa mifano. Finland ilianza kuwapa wanafunzi wake wote chakula cha bure mwaka 1948, ikiwa nchi iliyotoka vitani na isiyo tajiri. Japani ilipitisha mwaka 2005 sheria ya elimu ya chakula. Katika shule zake nyingi za msingi wanafunzi hupakuliana kwa zamu, wakala darasani pamoja na mwalimu wao, kisha wakasafisha wenyewe. Brazili, katika mwongozo wake wa lishe wa mwaka 2014, haikuishia kwenye kutaja vyakula: iliwashauri raia wale kwa utaratibu, bila ya papara, mahali panapofaa, na kadiri iwezekanavyo pamoja na wenzao. Serikali nzima ikaandika kile ambacho bibi zetu walikijua.

Nasi tunacho cha kujivunia. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka juhudi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi wa tamaduni. Katika juhudi hiyo watafiti walishirikiana na jamii, na wanafunzi wa shule za msingi wakashiriki kuyaorodhesha maarifa ya vyakula vya wazee wao. Kazi kama hiyo yawezekana Port Reitz, ambako darasa moja huwa na watoto wa Mdigo, Mgiriama, Mkamba, Mjaluo, Mtaita na Mluhya. Kila mmoja akiuliza nyumbani bibi yake alipika mboga gani, darasa litapata kitabu kisichouzwa dukani.

Walimu wanaweza kufanya nini kabla serikali haijaamka? Kwanza, waulinde wakati wa chakula. Saa ya mchana inapomezwa na masomo ya ziada, tunamfundisha mtoto kwamba kula ni usumbufu wa kumalizwa upesi. Nusu saa ya kuketi chini haitamfelisha mtu. Pili, mwalimu akiweza na ale pamoja na wanafunzi wake. Atajua nani hana chakula bila ya kumwaibisha. Tatu, chakula kisiwe fimbo wala zawadi. Kumnyima mtoto mlo kwa kosa la darasani ni ukatili, na kumtuza peremende kwa kila jibu ni kumfundisha kwamba utamu ndio malipo ya kila jema. Nne, somo la Kilimo na Lishe lisiachwe vitabuni. Hata palipo na uwanja wa saruji, gunia la udongo hukubali mchicha.

Jambo la tano nalitilia mkazo: ulimi. Katika shule zetu mtoto mnene huitwa kibonge, na mwembamba huitwa kijiti, mwalimu akacheka pamoja nao. Kuna wasichana wanaoacha kula kwa hofu ya jina, na wavulana wanaokula kwa siri kwa sababu iyo hiyo. Huzuni na aibu haziponi kwa chakula wala kwa kukikosa. Huko Port Reitz kuna hospitali ya umma inayojulikana kwa huduma zake za afya ya akili. Na itukumbushe kwamba tumbo na moyo ni majirani. Mwenye kuchukia mwili wake hawezi kuulisha vyema.

Nanyi wanafunzi, msingoje mlo wa serikali ndipo mjifunze. Jiulizeni maswali matatu kabla ya kutia kinywani: Nina njaa, au nina kiu, au nimechoka tu? Hiki nilichoshika kimetoka wapi? Nimeshiba, au namaliza kwa sababu kimelipiwa? Maswali hayo hayagharimu senti. Atakayeyazoea atakuwa ameanza kujitawala, na mtu anayeweza kuiambia sahani yake "basi" hatashindwa kuwaambia hivyo wanaomshawishi kwa mengine.

Njaa itaondolewa kwa haki, na shibe ya kupindukia kwa adabu. Kimoja hakitoshi bila ya kingine. Viongozi wa kaunti na wa taifa wanadaiwa lile la kwanza, tena kwa mujibu wa Katiba, na tusichoke kuwadai. La pili linaanza mchana huu, kengele ya chakula itakapolia katika shule za Port Reitz na kwingineko: ama watoto waachwe wakimbilie barabarani, ama wapewe mahali pa kuketi.